Redio Iliyotangulia Kuposa

Mimi nafunga redio za magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na naomba ieleweke tangu mwanzo: ule waya niliuunga sawasawa. Ndicho kilichoniponza.

Mjomba ana Corolla 110 na sikio la kulia linalofanya kazi kwa zamu. Malalamiko yake yalikuwa yaleyale: kwenye foleni redio inampasua kichwa, akifika themanini haisikii kabisa. Nikamwambia lawama si za sikio peke yake. Ukishavuka kama kilomita 40 kwa saa, kelele ya matairi ndiyo inayotawala garini, na mwendo ukizidi mara mbili, kelele hiyo hupanda kama desibeli 9 hadi 12. Sikio la mtu likiongezewa desibeli 10 hudhani sauti imekuwa maradufu. Kwa hiyo redio iliyokutosha Buguruni, ukifika Kibaha inakunong'oneza. Dawa ipo: redio inayojipandisha yenyewe kadiri gari linavyokimbia. Toyota huiita ASL, Honda huiita SVC, na mara nyingi unachagua ngazi ya chini, ya kati au ya juu.

"Nifungie hiyo, mwanangu," Mjomba akasema. "Tena niwekee ya juu."

Nikamtafutia redio yuzdi ya Kijapani yenye ramani. Redio za namna hii huja na nyaya tatu ambazo mafundi wavivu huzifunga selotepu na kuzisokomeza nyuma ya deshibodi: pinki ni ya mwendo, kijani mpauko ni ya hendibreki, zambarau yenye mstari mweupe ni ya riversi. Hiyo zambarau ndiyo inayowaliza wanafunzi wangu, maana kwenye Toyota nyingi waya wa gari unaobeba mwendo nao ni zambarau wenye mstari mweupe! Fundi wa "rangi kwa rangi" atauingiza mwendo wa gari kwenye riversi ya redio, halafu atashangaa mteja akirudi kulalamika kuwa skrini inarukaruka. Pinki ya redio ndiyo inayoolewa na zambarau ya gari. Ni ndoa ya kazi, si ya rangi.

Hata hivyo rangi usiiamini, pima. Weka vigingi magurudumu ya nyuma, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, tia stendi. Fungua swichi bila kuwasha injini, gia iwe N. Ncha moja ya mita ya kupimia volti iguse bodi, nyingine iguse waya, kisha zungusha gurudumu kwa mkono polepole. Volti itapanda na kushuka, kutoka 0 hadi 5 au hadi 12, inategemea gari. Kwa kipimo cha Kijapani, gari likiwa kilomita 60 kwa saa kebo ya spidomita huzunguka mara 637 kwa dakika, na kila mzunguko hutoa mapigo manne. Hayo ni mapigo 2,548 kwa kila kilomita. Redio inachofanya ni kuhesabu mapigo tu. Barabara haiioni.

Na mchanga haiuoni.

Jumamosi yake tukaenda kuposa Kimbiji. Mjomba kwenye usukani, mzee mshenga pembeni yake amekumbatia leso yenye barua ya posa na kishika uchumba, nyuma tumebanana watatu, mimi katikati. Njiani redio ilifanya kazi nzuri mpaka nikajisikia vizuri. Kwenye matuta inashuka, kwenye lami inapanda, Mjomba anatikisa kichwa kwa raha. Kilichokuwa kinaimba ni flashi ya mkewe: taarabu tupu, tena ile ya mipasho, ya kumwambia mwenzio asiye na haya kuwa hana haya.

Tulipoona nyumba, Mjomba akaipunguza mpaka ikabaki inapumua. Wazee wa upande wa pili walikuwa wamekaa kwenye jamvi chini ya mwembe, kanzu zimenyooka, wanatutazama tukija. Zilibaki hatua kama ishirini. Gurudumu la kushoto mbele likazama.

Mjomba akakanyaga mafuta.

Corolla hii inavutwa na magurudumu ya mbele, na sensa yake ya mwendo iko kwenye giaboksi. Kwa hiyo gurudumu likizunguka bure mchangani, gari zima linaamini linasafiri. Sindano ikapanda 40, ikapanda 60, ikafika 80, na sisi tumesimama palepale mbele ya wakwe. Redio ikahesabu mapigo yake kwa uaminifu. Haikulipuka ghafla, maana sauti hupandishwa ngazi kwa ngazi ili dereva asishtuke. Ikawa kama bi mkubwa mwenye kipaza sauti anatoka chumbani, anapita sebuleni, anasimama barazani.

"Nani kagusa redio?" Mjomba akaachia mafuta. Sindano ikaanguka, sauti ikaanguka nyuma yake. Kimya. Mzee mmoja pale kwenye jamvi akafungua mdomo kutukaribisha. Mjomba akakanyaga tena.

"Mjomba, achia!" nikapiga kelele kutoka nyuma. Siku hiyo sikio la kulia lilikuwa likizo. Alisikia "kazia."

Kijana mmoja akaja mbio: "Vuta hendibreki, mzee!" Ushauri huo una maana kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa kuwa hendibreki hulibana gurudumu linalozunguka bure, nguvu ikahamia kwa mwenzake. Kwenye Corolla hendibreki inabana nyuma, ambako hakuna anayezunguka. Tukawa sasa tumekwama na tumefunga breki. Tena difu, ile inayogawa mzunguko kwa magurudumu mawili, inapogawa na gurudumu moja likiwa limetulia, lile linaloteleza huzunguka maradufu ya kinachosomeka: spidomita ikisema 80, tairi liko 160. Hivyo ndivyo vijigia vya difu vinavyokufa.

Wanawake wakatoka uani. Wawili wakapiga vigelegele, wakidhani tumekuja na ngoma kabisa. Mmoja alishaanza kujifunga kanga kiunoni. Bibi wa binti akatoka na mkongojo, akasikiliza beti moja yote, akauliza: "Hawa wamekuja kuposa, au wamekuja kunisuta?"

Nikapita juu ya mapaja ya mzee wa watu, nikafika mbele, nikazima swichi.

Kutoka hapo ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Tulipunguza upepo matairi ya mbele hadi psi 15 hivi ili yatandazike, tukachimba mchanga mbele ya magurudumu, tukatandika makuti makavu, nikaweka gia 2 na kukanyaga kidogo sana huku vijana wakisukuma. Gari likatoka kimyakimya. (Psi 15 ni za kutokea tu, ukifika lami jaza kwanza.)

Kwenye jamvi, kabla ya barua kufunguliwa, ilifunguliwa kesi. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori akanikazia macho: "Wewe umeunga kwenye waya wa mizunguko ya injini. Injini ikinguruma, redio inapanda."

Hapo hadhi ya Gerezani ilikuwa hatarini. "Shikamoo mzee, lakini hapana. Injini ya silinda nne hupiga cheche mbili kila mzunguko. Ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 800 kwa dakika, ni mapigo kama 27 kwa sekunde. Redio inahitaji kama 42 kudhani ni kilomita 60. Ningekosea waya, gari likiwa limesimama tu redio ingeamini liko kwenye 38, na mngeimbiwa hata Mjomba asipokanyaga."

Mzee akafikiri. "Kwa hiyo umeunga vizuri."

"Vizuri kabisa."

"Ndiyo maana tumetukanwa vizuri."

Nikajitetea kuwa redio ya Android inayosoma mwendo kwa satelaiti ingenyamaza, kwa sababu satelaiti ingejua hatujasogea. Na zile zenye kipaza sauti cha kupima kelele, kama AudioPilot ya Bose, zingesikia injini ikiunguruma na labda zingepandisha vilevile. Mjomba akanikanyaga mguu. Faini ikapitishwa: elfu hamsini, kosa ni kelele mlangoni. Mshenga akafungua leso, Mjomba akamzuia, akageuka kunitazama. Nikaitoa mfukoni mwangu.

Barua ikapokewa. Tulipokuwa tunanawa mikono kula pilau, bibi akaniita pembeni, akanielekeza kwa mkongojo Noah iliyoegeshwa chini ya mnazi.

"Hilo la mwanangu haliendi popote, kila asubuhi anawasha linaunguruma tu. Unaweza kulifanya liimbe likiwa limesimama hapohapo?"

Nikamwambia inawezekana, bibi, tena ni kukosea waya mmoja tu.