Juisi ya Maganda Mbele ya Naibu wa Chifu

Shangazi yangu alifundisha sayansi kimu mjini Nakuru tangu enzi ambazo somo hilo lilikuwa bado linatahiniwa katika mfumo wa elimu wa 8-4-4, na ingawa alistaafu zamani, hajawahi kukubali kwamba wanafunzi wamemwishia. Wanafunzi wake siku hizi ni sisi jamaa zake. Akiingia nyumbani mwako hufunua pipa la taka kabla hajavua viatu, na atakachokikuta humo ndicho huwa somo la jioni hiyo. Akiona maganda ya viazi yaliyomenywa manene, hukuita kwa majina yako yote matatu.

Kwa hiyo nilipomwarifu kwamba mtoto wetu wa pili angebarikiwa kanisani hapa Kisumu, na kwamba mpishi wa kukodi alikuwa ameshatutajia bei yake ya kuwalisha wageni, alinyamaza kwenye simu hata nikadhani salio limekatika. Kisha akasema, "Mwanangu, mwambie huyo mpishi Mungu ambariki, ila asije." Alfajiri iliyofuata alipanda matatu, akapita Mau Summit, Kericho na Ahero, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa mlangoni petu Migosi akiwa na sufuria mbili kuukuu, mfuko wa mchanga uliochekechwa vizuri na gunia la chupa tupu za soda, za plastiki, alizokuwa amezikusanya katika harusi na mazishi ya watu.

Mchanga ulikuwa wa keki. Hutandazwa katika sufuria kubwa iliyo juu ya jiko la makaa, ile ndogo yenye unga uliokorogwa huketishwa juu yake, kisha kifuniko huwekewa makaa machache ya moto ili keki iive juu na chini bila oveni wala umeme. Keki hiyo ilitoka nzuri, nami naitaja mapema kwa sababu ndicho kitu pekee siku ile ambacho hakikulowa.

Kwa upande wa vitafunio, Shangazi alisikia kwamba tulikuwa tumepanga kununua nyama ya kusaga kwa ajili ya sambusa, akatuuliza kama tunajua tunaishi kando ya ziwa gani. Akaniamuru nimpeleke Obunga. Viwanda vya samaki huondoa minofu ya mbuta na kuipeleka ng'ambo, na mifupa inayobaki, pamoja na nyama iliyoing'ang'ania, hukaangwa mtaani humo na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi. Alinunua rundo zima, akaketi uani akiambua ile nyama kwa kijiko kwa subira ya mtu anayesahihisha mitihani, akaichanganya na vitunguu, dania, pilipili na ndimu. Manda alizitengeneza mwenyewe: chapati nyembamba zilizopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, zikapangwa moja juu ya nyingine, zikasukumwa pamoja, zikaonjeshwa moto kidogo kwenye kikaango kikavu, kisha zikabanduliwa moja moja zingali na joto na kukatwa vipande. Sambusa hizo zilikuwa tamu. Sijui kwa nini mpishi wa kukodi hakuwahi kuzifikiria, au labda najua.

Tatizo lilianza na mananasi. Matunda yenyewe yalikatwakatwa kwa ajili ya saladi, na mke wangu alikuwa ameshika maganda tayari kuyatupa, Shangazi aliposema kwa sauti ile ya darasani, "Hapo umeshika kinywaji cha wageni hamsini." Tukaenda sokoni Kibuye kutafuta sukari nguru, kwa kuwa ile nyeupe aliiona ghali na isiyo na ladha. Muuzaji alimtazama Shangazi alivyokuwa akichagua mabonge makubwa makubwa, akanitazama mimi, akateremsha sauti na kuuliza, "Mama, mnapika nyingi?"

"Ya kanisa zima," Shangazi akajibu kwa uaminifu wote.

Muuzaji akatuongezea bonge moja la bure kwa heshima.

Nchini kwetu, mtu anayebeba sukari nguru kiasi kile huwa hana haja ya kujieleza, kwani kila mtu anajua kwamba hapo kuna kangara, ule mchanganyiko uliochachushwa, inayoelekea kuwa chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Shangazi alikuwa na hakika kwamba jambo hilo halimhusu. Aliyaosha maganda, akayatia katika mtungi wa plastiki pamoja na tangawizi iliyopondwa, sukari nguru na maji yaliyochemshwa yakapoa, akaufunika mdomo kwa kitambaa safi na kuuweka stoo, chini ya mabati. Huko Nakuru, alitueleza, kinywaji hukaa siku tatu kikapata ukali kidogo unaochezacheza ulimini, kisha huchujwa, hutiwa chupani na kunyweka hata na mtoto. Siku tatu zilipotimia alikichuja, akazijaza zile chupa za soda hadi shingoni, akazikaza vizibo kwa mikono iliyokanda unga maisha yote. Kwa kuwa friji ilikuwa imejaa, alizipanga chini ya meza kubwa ya sebuleni, penye sakafu baridi, akazificha kwa kitambaa cha meza kinachogusa sakafu. Juu ya meza hiyo ndipo ungewekwa mlo wa mchungaji.

Usiku mke wangu aliniamsha akidai kwamba sebuleni kuna kitu kinachofyonya. Asubuhi niliinua kitambaa, nikaona chupa mbili zimelala. Nikazisimamisha, zikalala tena. Chupa ya soda ina kitako chenye miguu mitano midogo na kishimo katikati. Vishimo vya chupa zetu vilikuwa vimesukumwa nje, kila kitako kimekuwa duara kamili, na ubavu wake ukiubonyeza kwa kidole ulikuwa mgumu usiobonyea hata kidogo.

"Shangazi, chupa zimevimba."

"Zimeshiba," akasema, akaendelea kugeuza sambusa.

Mtu aliyelelewa vizuri habishani na shangazi yake mara mbili kwa jambo moja, kwa hiyo nilikwenda kupanga viti.

Wageni walifika moja kwa moja kutoka kanisani: mchungaji na mama mchungaji, kwaya ya akina mama katika sare zao nyeupe, majirani, na naibu wa chifu wa eneo letu, ambaye huishi mtaa wa pili na huwa hakosi shughuli yenye chakula. Ni lazima nieleze kwamba kanisa letu haligusi kileo hata kile kilichomo katika dawa ya kikohozi. Baada ya maombi, naibu wa chifu alipewa nafasi ya kusalimia watu, na kama ilivyo desturi ya maafisa wa utawala, salamu zile zilikuwa na utangulizi, kiini na mifano. Alizungumzia pombe haramu. Alieleza jinsi juma lile alivyomwaga mapipa ya kangara mtoni, jinsi sheria ya mwaka 2010 isivyomruhusu mtu kupika chang'aa uani kwake bila leseni, na kwamba katika eneo lake hakuna nyumba ambayo haitapekuliwa, hata ikiwa ya nani, hata ikiwa na picha ya Yesu ukutani. Aliponyoosha kidole kuelekea picha yetu, chupa ya kwanza ikapasuka.

Mlio wenyewe ulikuwa mkubwa na wa ghafla, na hadhira yenyewe ilikuwa ya Kisumu. Mkazi wa mji huu aliyepitia uchaguzi kadhaa hasubiri maelezo. Kabla ya sekunde mbili kwisha, nusu ya wageni walikuwa wamelala chini kifudifudi, watoto wamefunikwa, na mmoja wa waimbaji alikuwa amekwisha kulowesha leso yake kwa maji na kuibana puani tayari kwa moshi wa machozi. Chupa ya pili na ya tatu zilifuatana. Aliyebaki wima ni Shangazi peke yake, mtu wa Nakuru, akiwatazama wageni kwa mshangao na kuwauliza mbona wanachafua nguo.

Kisha kutoka chini ya kitambaa cha meza ukachuruzika mkondo wa povu la kahawia, ukazunguka mguu wa meza na kutulia kwenye viatu vya mchungaji. Harufu ikafuata. Ilikuwa tamu, chachu na nzito, na hapakuwa na mtu mzima chumbani humo ambaye hakuitambua, ingawa wote walitazamana wakisubiri mwenzao awe wa kwanza kukiri.

Naibu wa chifu alichuchumaa, akachovya kidole, akanusa. Mimi nilikuwa nikihesabu moyoni nani angemlea mtoto.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "hii umeilaza siku ngapi?"

"Tatu. Ndivyo nifanyavyo siku zote."

"Siku zote wapi?"

"Nakuru."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Mama, Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, usiku mnajifunika mablanketi mawili. Hapa tuko mita 1,130 hivi, na hiyo stoo yako mchana ni tanuri. Chachu iliyomo kwenye ganda la nanasi ikipata joto hili hula sukari mchana na usiku bila kupumzika, na gesi inayotoka ukiifungia itakwenda wapi? Hapa siku moja unusu inatosha. Kizibo hukikazi, unakilegeza. Halafu sukari nguru usiipime kama ile nyeupe. Ukitaka kujua kama imefika, weka sikio kwenye mtungi: ukisikia mvua ya mbali juu ya mabati, bado, usiiguse. Ikinyamaza, hapo ndipo…"

Hapo ndipo alipogundua kwamba kwaya nzima ilikuwa imeinuka sakafuni na kumsikiliza kwa makini kuliko wakati wa salamu.

"Chifu," mchungaji akauliza kwa upole, "mambo haya umejifunzia wapi?"

"Kazini, Mchungaji. Kazini."

Huenda mambo yangekomea hapo. Ila Shangazi, ambaye hajazoea kufundishwa mbele za watu, alikuwa amekwisha kutoa chupa moja nzima ili kuthibitisha kwamba yaliyomo ni juisi. Naibu wa chifu alimsihi aifungue taratibu, robo kwa robo, huku akiielekeza mlangoni. Shangazi aliisimamisha mezani na kuizungusha mara moja. Kizibo kiligonga dari, povu likakifuata, na kwa kuwa Kisumu hakuna sebule isiyo na feni, na feni yetu ilikuwa inazunguka kwa kasi ya mwisho, juisi ya maganda iligawanywa kwa haki kwa kila aliyehudhuria, walioketi mbele na waliosimama mlangoni. Zile sare nyeupe sitazizungumzia. Mchungaji alikuwa na ibada ya jioni, na nasikia aliiongoza akiwa amesimama mbali kidogo na wazee wa kanisa.

Watu walikunywa chai. Sambusa ziliisha zote, na mama mchungaji, huku akijipangusa shingo, alidadisi kama ile nyama ya ndani ilikuwa ya kuku.

Mwenye nyumba alifika kesho yake, maana habari za mlipuko zilikuwa zimemfikia. Aliinua macho, akaona madoa ya kahawia yaliyotapakaa darini, akatangaza kwamba gharama ya rangi ingekatwa kwenye amana yetu. Shangazi alimkaribisha kiti, akamwekea chai na kipande cha keki, kisha akamwomba amtajie mwaka ambao dari hiyo ilipakwa rangi mara ya mwisho. Mwenye nyumba akanywa chai.

"Na doa lile la pembeni?" Shangazi akaendelea, akionyesha kwa kijiko. "Na lile la juu ya dirisha? Na lile kubwa lenye ukungu? Hayo nayo ni ya nanasi?"

Mwenye nyumba alikubali kwamba huenda mabati yalikuwa na matundu. Fundi alikuja siku ya tatu, akabadilisha mabati mawili na kupaka dari yote rangi bila sisi kutoa shilingi. Shangazi aliahirisha safari ya kurudi Nakuru ili amsimamie, na alipomaliza kazi, akamwomba vile vipande vilivyobaki, akavifunga kwa kamba ya katani na kupanda navyo matatu, kwa kuwa bati lililokunjwa vizuri hushika makaa juu ya sufuria ya keki kuliko kifuniko cha dukani.