Jinai haiozi, ila shahidi anazeeka

Ukiwa na mgogoro wa shamba Sengerema, sheria ya Tanzania inakupa miaka 12 kufungua kesi. Ukidai haki ya mkataba, miaka 6. Mauaji hayana ukomo, yaani muda wa mwisho wa kushtakiwa. Aliyemuua bibi kizee kule Magu miaka 30 iliyopita, eti ni mchawi kwa sababu ya macho mekundu, anaweza kukamatwa kesho asubuhi. Watu husema jinai haiozi, nami nakubaliana nao.

Hata hivyo, wanaotaka ukomo wana hoja nzito. Katika shauri la mwaka 1980 la mshtakiwa aliyeitwa Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ilisema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu kuliko wote: lazima ijulikane mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, shahidi alikuwa umbali gani, alimtazama mtu huyo kwa muda gani. Sasa fikiria mauaji ya usiku, ndani ya nyumba yenye kibatari. Baada ya miaka 20, nani atakumbuka utambi ulikuwa juu au chini? Na mshtakiwa anayesema usiku ule alikuwa dagoni, kambi ya wavuvi, Ukerewe, wavuvi wenzake wametawanyika visiwani, wengine wamefariki. Atajiteteaje?

Japani ilikuwa na ukomo wa miaka 15, ikaupandisha hadi 25, na mwaka 2010 ikaufuta kwa mauaji yenye adhabu ya kifo. Kwetu ukomo ungeumiza zaidi. Muuaji akiwa ndugu au jirani, shahidi hunyamaza kwa woga hadi mtu huyo ahame au afe mzee wa ukoo aliyemkingia kifua. Ukiweka miaka 20, umewapa ushindi waliomtisha.

Ukomo ninaoutaka mimi ni wa baada ya kukamata. Mauaji hayana dhamana. Mshtakiwa anakwenda mahabusu gereza la Butimba, na kila kesi inapotajwa anasikia "upelelezi haujakamilika". Serikali yenye ruhusa ya kusubiri miaka 30 ina haraka gani ya kumfungia mtu kabla ya kupata ushahidi?

Bunge liweke kikomo cha upelelezi kwa aliye mahabusu. Muda ukiisha, apewe dhamana hata kwa mauaji. Ndugu wa marehemu watachomwa kumwona mtaani, na uchungu wao naujali sana. Lakini shtaka linabaki palepale, wapelelezi wanaendelea, na siku shahidi akipata ujasiri wa kusema, kesi inakwenda Mahakama Kuu.