Standard, Daily News na mwenye uwezo wa kumfukuza mhariri

Ukizungumzia historia ya magazeti ya Dar es Salaam, mjadala huishia kwenye tarehe moja: 5 Februari 1970, siku Mwalimu Nyerere alipolitaifisha gazeti la The Standard. Wapo wanaosema siku hiyo uhuru wa habari ulizikwa. Wapo wanaosema ndipo wananchi walipopata gazeti lao. Kila upande una hoja nzito, ila naona wote wanabishania mmiliki na kumsahau mhariri.

Wanaotetea utaifishaji wana historia ya kuwabeba. Gazeti hilo lilianza mwaka 1930 kwa jina la Tanganyika Standard, ndugu wa East African Standard la Nairobi, likiwalenga walowezi na maofisa wa kikoloni. Mwafrika mwenye la kusema alijitafutia pa kulisemea. Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda, alianzisha Kwetu mwaka 1937. Miaka 20 baadaye yakaja Sauti ya TANU na Mwafrika, na wakoloni hawakuchelewa: mwaka 1958 wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi, na Nyerere mwenyewe akatozwa faini kwa makala ya Sauti ya TANU. Lakini hata baada ya Azimio la Arusha, Standard lilikuwa bado mali ya Lonrho, kampuni ya London. Sioni kwa nini nchi huru ingelivumilia hilo.

Tena mwanzo wake ulitia moyo. Nyerere aliweka kwa maandishi kwamba gazeti litaunga mkono siasa ya nchi kwa jumla, lakini litakuwa huru kujadili na kupinga pendekezo lolote, liwe la serikali au la TANU. Uhariri akampa Frene Ginwala, mwanaharakati wa ANC kutoka Afrika Kusini. Julai 1971, baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa Sudan, Rais Nimeiry aliwaua viongozi wa chama cha kikomunisti. Standard likamkemea kwenye tahariri. Ginwala akaondolewa. Tarehe 26 Aprili 1972 gazeti likaunganishwa na The Nationalist la TANU, likazaliwa Daily News chini ya Benjamin Mkapa.

Hapo ndipo wapinzani wa utaifishaji wanaposhika pabaya, nami nawaunga mkono. Ahadi ya Mwalimu ilikuwa nzuri, lakini mhariri hakuwa na pa kukata rufaa. Aliyempa uhuru ndiye aliyeweza kumnyang'anya. Sheria ya Magazeti ya 1976 ikampa waziri uwezo wa kufungia gazeti lolote.

Hata hivyo, mali ya umma haikuzaa woga peke yake. Mwaka huohuo wa 1972 Tanzania Publishing House, shirika la umma, ilishirikiana na wachapishaji wadogo wa London kutoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kitabu kile kilisomwa dunia nzima.

Je, magazeti binafsi yaliponya ugonjwa? Business Times lilitoka 1988, likafuatiwa na Majira, Nipashe, Mwananchi na mengine mengi. Wasomaji walinufaika sana: kashfa ambazo zamani zingebaki minong'ono ziliandikwa ukurasa wa mbele. Lakini Septemba 2013 serikali ilifungia Mwananchi kwa siku 14 na Mtanzania kwa siku 90, kwa sheria ileile ya 1976. Wamiliki walikuwa watu binafsi, na haikusaidia kitu. Sheria ya 2016 iliyochukua nafasi yake ikaleta leseni, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaona vifungu vyake kadhaa vinakiuka mkataba wa Jumuiya.

Kwa hiyo kuuza magazeti ya serikali, Daily News na HabariLeo, kama wengine wanavyotaka, hakutatosha. Ningeanza na kifungu kimoja cha sheria, kwa gazeti la umma na la binafsi sawia: mhariri asiondolewe, wala gazeti lisifungiwe, mpaka sababu ziandikwe, zichapishwe na kupimwa mahakamani kwanza.