Wanaoondoka hekaluni wana sababu zao

Mtu akiacha kuja hekaluni kwetu, sisi Wahindu tunaomwabudu Krishna, majibu tunayo tayari: kanaswa na maya, hadaa za dunia. Kisha atatokea mwenye Bhagavad Gita, kitabu chetu kitakatifu, mkononi asome sura ya 2, aya ya 62 na 63: kukiwazia kitu huleta kukipenda, kupenda huleta tamaa, tamaa huleta hasira, mpaka akili inapotea. Aya hizo naziamini kwa moyo wote. Ila tumezifanya fimbo ya kumchapia asiyekuwepo.

Mama mmoja tuliyeabudu naye alikuwa akifika alfajiri kutunga mashada ya Krishna. Alichagua ua moja moja, lililonyauka akiliweka kando. Alipofiwa na mwanawe, waumini wenzake walimwambia papo hapo msibani kwamba hayo ni malipo ya karma, yaani matendo, ya maisha yaliyopita. Hakubishana na mtu. Aliacha tu kuja. Huyo naye tuseme aliponzwa na anasa?

Rupa Goswami, mfuasi wa mtakatifu Chaitanya katika karne ya 16, alipozipanga hatua za bhakti, yaani kumpenda na kumtumikia Mungu, alianza na imani, na ya pili akaweka kukaa na wacha Mungu, kabla ya ibada zenyewe. Kumbe imani changa hulelewa na watu. Na katika makosa 10 dhidi ya Jina Takatifu la Krishna, la kwanza ni kuwasengenya waja wa Mungu. La kwanza! Tunahesabu mizunguko 16 ya japa, kulirudia Jina hilo kwa shanga, kila siku, shanga 108 kila mzunguko, lakini ulimi wetu hatuuhesabu.

Wengine wamevunjwa na viongozi. Harakati ya Hare Krishna ilianzishwa New York mwaka 1966. Baada ya Prabhupada, mwanzilishi wake, kufariki mwaka 1977, baadhi ya magwiji wa kiroho (guru) waliomrithi walianguka kwa aibu, na watoto walidhulumiwa katika shule za bweni za harakati hiyo. Aliyepitia hayo utotoni, leo akisikia kengele ya arati, ibada ya taa, akatetemeka, mimi simwiti mwenye imani haba.

Arjuna mwenyewe, shujaa anayefundishwa na Krishna katika Gita, aliliuliza hili katika sura ya 6: aliyeanza kwa imani kisha akatoka njiani, si atapotea kama wingu lililosambaratika? Krishna alimjibu kwa upole, akimwita mwanangu, kwamba atendaye mema hafikwi na maangamizi. Juhudi yake haipotei. Katika maisha yajayo ataanzia pale alipoishia.