Picha ya bibi na kiroba cha unga

Picha iliingia kwenye grupu la jumuiya nikiwa dukani nasubiri chenji. Bibi mmoja wa mtaa wa pili, zamani alikuwa akituuzia vitumbua, kasimamishwa mlangoni kwake. Kashika pembe moja ya kiroba cha unga, pembe ya pili kashika mwenyekiti wa chama chetu cha kanisani. Nyuma yao watu kumi na mmoja, niliwahesabu, wamevaa fulana mpya zenye sura ya Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Unga kilo tano, sabuni miche miwili, fulana kumi na moja. Hesabu fanyeni wenyewe.

Bibi hana viatu. Kajifunga kanga ile ya kushinda nayo jikoni, na hakuna aliyemwambia, "Bibi, tunakusubiri, kabadilishe kwanza." Chini ya picha ni makofi tu na "Mungu awazidishie."

Wanasiasa leo siwagusi, wao wana wapiga picha wa mshahara. Hawa wetu ndio walioniudhi, kwa sababu wamemvaa Vinsenti kifuani siku ya somo wao, 27 Septemba, na sidhani kama kuna aliyewahi kumsoma.

Mwaka 1617 Vinsenti alikuwa paroko Châtillon, kijimji cha Ufaransa. Jumapili moja ya Agosti, akijiandaa kwa Misa, akaletewa habari kwamba nyumba fulani nje ya mji wote wako hoi kitandani, hakuna hata wa kumpa mwenzake maji. Akalisema kwenye mahubiri. Jioni alipokwenda mwenyewe kuwaona, akakuta njia imejaa akina mama, wengine wanakwenda na chakula, wengine wanarudi, wengine wamekaa kando ya njia wanapunga upepo, jua lilivyokuwa kali. Sisi hapo tungepiga picha. Yeye akaingiwa na wasiwasi: leo wamepata kupita kiasi, kingine kitaoza, kesho watalala njaa. Siku chache baadaye akawakusanya wale wanawake, wakaanza kupangiana zamu.

Halafu akawaandikia kanuni, na hapa ndipo ninapotaka tukae. Haianzi na kiasi cha mchango. Inasema mhudumu akifika amsalimie mgonjwa kwa uchangamfu, aweke sinia kitandani na kutandika kitambaa, kikombe, kijiko na mkate. Amnawishe mikono. Amkaribishe kula kama anavyomkaribisha mwanawe wa kumzaa. Ikibidi amkatie nyama. Na aanze na wagonjwa wenye watu wa kuwatazama, wale walio peke yao awaweke mwisho, ili akae nao zaidi.

Rudieni hapo penye wa mwisho. Padri mwenye miaka thelathini na kitu kakaa chini kupanga nani atangulie na nani afuate, ili mpweke asipewe chakula mbiombio. Sisi tunaanza na nyumba yenye mwanga mzuri.

Haya, najua mtaniambia bila picha michango haiji. Nusu yake nakubali, tena kwa shingo upande, maana hata Vinsenti hakukaa kimya. Vita vilipoiteketeza mikoa ya Picardie na Champagne huko huko Ufaransa, barua za wamisionari wake zilichapishwa Paris zikieleza hali ilivyo, matajiri wakafungua mifuko. Sawa. Basi andikeni. Pigeni picha magunia, pigeni risiti, hata hizo fulana.

Aibu yenyewe Vinsenti aliijua. Alikuwa mtoto wa wakulima wa kijiji cha Pouy, kachunga nguruwe. Akapelekwa shule, na siku moja akaambiwa baba yako yuko nje anakuulizia. Akakataa kutoka, kwa sababu mzee alikuwa maskini wa kijijini. Alipokuwa mdogo zaidi, hata kutembea naye mjini aliona haya, mzee kavaa vibaya na anachechemea. Hayo aliyasimulia mwenyewe uzeeni, mbele ya watu, akikiri ni dhambi. Kila nikiyakumbuka nanyamaza kidogo, maana na mimi nimewahi kujifanya simjui mtu stendi.

Jana jioni nilipita kwa bibi. Shikamoo, marahaba, karibu mjukuu wangu. Tukaongea mvua, tukaongea goti lake. Baadaye ndipo akasema mwanawe aliyeko Mwanza kampigia. Picha imemfikia, sijui kwa nani. Alikuwa analia, anauliza kwani hela anayotuma haitoshi, mbona hakumwambia.

"Hivi hiyo picha inafutika?" akaniuliza.

Nimemwandikia admini wa grupu tangu jana usiku. Tiki mbili za bluu, na kimya.