Makka ya Jahiliya haikuwa giza tupu

Juzi kwenye Maulidi, mzungumzaji aliwaambia watoto wa madrasa kwamba Waarabu wa zama za Jahiliya, yaani kabla ya Uislamu, walikuwa kama wanyama, hawajui haki wala aibu. Watoto wakaitikia kwa salawati. Nimekaa pale mkekani roho inaniuma, maana hata mimi nilisomeshwa hivyo hivyo chuoni, na nimefika utu uzima ndipo nikajua kuwa sira yenyewe, historia ya maisha ya Mtume, haisemi hivyo.

Hilful-Fudhul je, kile kiapo cha Makureshi cha kumtetea aliyedhulumiwa? Mtu wa Zubayd, kabila la Yemen, kaingia Makka na bidhaa zake. Al-As bin Wail, mkubwa katika Makureshi, akazichukua, kulipa hataki. Mgeni hana ukoo pale mjini wa kumtetea, na kila aliyemwendea kwa msaada alimfukuza. Jua linachomoza akapanda mlima wa Abu Qubays, Makureshi wamekaa chini wameizunguka Al-Kaaba, akawalilia kwa mashairi. Shairi ndiyo silaha aliyobaki nayo: likishatungwa hubebwa na misafara, na aibu yake haifutiki. Zubayr bin Abdul Muttalib, ami yake Mtume, akainuka. Wakakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, akawaandalia chakula, wakala kiapo kwamba aliyedhulumiwa ndani ya Makka, mwenyeji au mgeni, watasimama naye mpaka arudishiwe haki yake. Kisha wakamwendea Al-As, wakazitoa zile bidhaa mikononi mwake, wakampa mwenyewe.

Hao ni watu ambao wahyi ulikuwa haujawafikia. Na Muhammad (S.A.W.), kijana wa miaka kama 20, alikuwa pamoja nao. Baada ya kupewa utume alisema kiapo kile hawezi kukibadilisha kwa ngamia wekundu, mali ya thamani kubwa kwa Waarabu, na lau angeitwa kwacho katika Uislamu angeitika. Yeye mwenyewe alikienzi namna hiyo, sisi tunakificha kwa nini?

Ndiyo, watoto wa kike walizikwa hai. Suratu Takwir inauliza waliuawa kwa kosa gani, na sipunguzi hapo hata chembe. Vita vya Basus, vita vya makabila ya Waarabu, vilianzia kwenye ngamia mmoja, na husimuliwa kwamba vilichukua miaka 40. Lakini katika jangwa hilo hilo Sa'sa'a bin Najiya wa Banu Tamim alikuwa akiwakomboa wale mabinti kwa ngamia wake, Uislamu haujamfikia. Bi Khadija naye alikuwa na biashara yake na misafara yake kabla ya Jibrili kumshukia Mtume na wahyi katika pango la Hira.

Kile kiapo hakikufa. Miaka mingi baadaye, Husayn bin Ali, mjukuu wa Mtume, alipoona liwali wa Madina, Al-Walid bin Utba, anataka kumdhulumu mali yake, alimwambia: nipe haki yangu, la sivyo nitachukua upanga, nisimame ndani ya msikiti wa Mtume, niite kwa Hilful-Fudhul. Abdullah bin Zubayr (si mwana wa yule Zubayr wa kiapo) akasema Husayn akiita atakuwa naye. Liwali akampa haki yake.