Nyuzi 450 na Shemeji Mmoja

Mtu akikwambia anataka kupika piza nje ya nyumba yake kama wanavyopika Napoli, Italia, usimuulize anapenda jibini gani. Muulize ana shemeji wangapi.

Mimi ninaye mmoja, kaka wa mke wangu, na ananitosha. Ni mtu wa moyo safi, mchangamfu, hana choyo, ila hajawahi kukutana na mtambo akakubali kwamba umemzidi. Karatasi za maelekezo zinazokuja ndani ya boksi huzitumia kufutia mikono.

Chanzo cha yote ni oveni yetu ya jikoni. Haina kosa, inaoka keki na mikate vizuri, lakini kitufe chake kinagota kwenye nyuzi 250 za Selsiasi. Piza ya Napoli haitaki 250. Chama cha wapika piza wa huko, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimeandika kanuni za kila kitu: sakafu ya tanuri iwe na nyuzi 380 hadi 430, kuba lake lipande hadi kama 485, na piza itoke ndani ya sekunde 60 hadi 90. Mwaka 2017 UNESCO nao wakaiingiza sanaa hiyo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Shemeji aliposikia UNESCO alisimama kabisa.

"Shemeji," akaniambia, "hili si jambo la mchezo tena."

Tukaanza vikao. Tanuri la matofali lilijadiliwa kwanza, likaondolewa kwa sababu ni zito, linahitaji msingi, na hula kuni kwa masaa kabla halijawa tayari kuoka chochote. Likafuata jiko la mkaa lenye mfuniko, lile la kuchomea nyama, ambalo ukiweka jiwe ndani na kulipulizia vizuri linaweza kukupa joto la maana. Shida yake ni kwamba kila ukifunua mfuniko kutazama piza, joto la juu linakukimbia, na mimi na shemeji ni watu wa kufunua. Tukabaki na yale matanuri madogo ya kubebeka, yenye miguu mifupi na bomba la moshi mgongoni. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Mke wangu alitaka la gesi. Unazungusha kitufe, unasubiri jiwe lishike moto, na ukiona piza inaungua unapunguza. Shemeji alitaka la kuni, au walau la peleti, vile vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa.

"Gesi haina harufu ya moshi," alisema.

"Kaka, piza inakaa ndani sekunde 90," mke wangu akamjibu. "Huo moshi utaingia saa ngapi?"

Swali hilo halijajibiwa hadi leo. Tukapiga kura. Mke wangu alishinda kwa hoja, sisi tukashinda kwa idadi, kwa sababu binti yetu alikuwa ameahidiwa na mjomba wake kwamba yeye ndiye atakayewasha moto. Mama mkwe alikataa kupiga kura. Aliuliza tu nani ataosha vyombo, akaona tunatazamana, akarudi kwenye kikombe chake cha chai.

Basi likanunuliwa tanuri la peleti la inchi 12. Sepetu, ule ubapa mpana wenye mpini wa kutilia piza ndani, likanunuliwa kando, tena na shemeji mwenyewe kama zawadi. Lilikuwa la inchi 14. Alichukua kubwa kwa makusudi, maana kwa maoni yake mtu akinunua kubwa hanunui mara mbili. Lilikuwa zuri sana, la alumini, lina vitobo vya kudondoshea unga uliozidi. Tulilitundika ukutani, na kila mgeni aliyepita alilisifu. Hakuna aliyelisogeza karibu na tanuri, na sioni kwa nini angefanya hivyo. Sepetu ni la piza na tanuri ni la piza.

Halafu likaja suala la sakafu. Tanuri lilikuja na jiwe lake la kordieriti, aina ya kauri inayostahimili moto. Jikoni, mke wangu alikuwa na bamba nene la chuma, ambalo kaka yake huyohuyo alimkatia zamani aoke nalo mikate. Alilipenda bamba lile. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara kumi ya jiwe kama lile, kwa hiyo kwenye oveni dhaifu ya nyuzi 250 chuma ndicho kinachokuokoa: kinausukumia unga joto lote kwa haraka, na kitako cha piza kinakuwa kikavu. Kwenye nyuzi 400 na zaidi, kasi hiyohiyo ndiyo balaa. Mke wangu alilieleza hili taratibu, akiwa anakanda.

Shemeji alisikia nusu ya kwanza. "Kama chuma kinapitisha joto zaidi," aliniambia tukiwa nje, "na sisi tunatafuta joto, jiwe linafanya nini humu?" Tena chuma hakipasuki. Akalisugua bamba kwa msasa mpaka likawa kioo, akalitia tanurini. Jiwe likabaki juu ya meza ya jikoni, halina kazi.

Wageni walialikwa jioni. Mke wangu alikuwa ameandaa madonge ya gramu 250, unga laini wa ngano wa Kiitaliano uitwao 00, maji mengi kidogo, ameyaumua tangu jana yake. Alituachia agizo moja: ukishaitandaza juu ya sepetu na kuipaka sosi, usiicheleweshe. Unga wa majimaji ukikaa juu ya chuma hunata, na ukinata hautoki.

Binti akawasha moto. Peleti zikashika, bomba likavuma, ulimi wa moto ukapanda ukutani na kulamba dari mpaka karibu na mlango. Ilipendeza kweli. Shemeji akatoa kipimajoto cha miale, kile chenye umbo la bastola, akakielekeza kwenye bamba. Nyuzi 450. Dakika chache tu! Akanionyesha, akawaonyesha wageni, akamwonyesha mama mkwe, ambaye aliuliza kama ni silaha.

Nikatandaza ya kwanza. Sosi, jibini, majani ya rehani. Shemeji akaomba nafasi ya kusema maneno machache kabla ya piza kuingia. Alianzia Napoli. Alipofika UNESCO nilihisi kitu kinatulia chini ya ile piza kwa namna nisiyoipenda. Aliposhukuru wageni, nikanyanyua sepetu na kwenda nalo mlangoni.

Ko.

Likagota. Nikalipinda upande. Ko, ko, kona zote mbili. Sepetu la inchi 14, mdomo wa inchi 12 na kidogo. Wageni wakanyamaza. Shemeji akaninong'oneza kwamba hili ni la kawaida, wenzetu hutia kwa kurusha: unasimama mlangoni, unalivuta sepetu kwa ghafla, piza inateleza yenyewe. Na kweli wapo wanaofanya hivyo, na kweli piza huteleza, ikiwa haijasikiliza hotuba.

Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Unga haukutikisika. Vilivyokuwa juu yake ndivyo vilivyosafiri. Sosi iligonga ukuta wa nyuma, jibini likapita juu ya bamba na kutua kwenye sinia la peleti, na jani moja la rehani likaruka nyuma likanikaa kwenye ndevu. Moshi uliotoka ulikuwa mweupe, kisha wa njano, kisha rangi ambayo sina jina lake. Mgeni mmoja alipiga makofi akidhani ndivyo inavyokuwa.

Ya pili tuliitandaza juu ya mgongo wa trei ya keki, tukainyunyizia semolina ya kutosha chini, hotuba zikapigwa marufuku. Ikateleza vizuri, ikalala katikati ya bamba, na kwa nusu dakika nilikuwa mtu wa furaha. Ukingo ukavimba, ukapata madoa meusi kama inavyotakiwa. Halafu madoa yakaungana. Tuliivuta, juu ikiwa nyeusi tititi, tukaigeuza, chini ikawa mbichi, nyeupe, imelegea. Shemeji akapima tena: 450. Akasema kipimajoto hakidanganyi.

Nimekuja kujua baadaye kwamba kilikuwa kinadanganya, na kisa ni ule msasa. Kipimajoto cha miale kimetengenezwa kikiamini kwamba uso kinaoutazama unatoa miale yake wenyewe kwa wingi, kama jiwe linavyofanya. Chuma kilichong'arishwa hutoa miale kidogo mno na kuakisi ya wenzake. Bastola ilikuwa inasoma joto la dari na ukuta kwenye kioo cha shemeji. Bamba lenyewe, kwa unene wake, lilikuwa bado linapasha moto mgongo wake. Lakini jioni ile nani angetuambia? Mke wangu angetuambia, ila alikuwa ameingia ndani na mabaki ya madonge, akisema anakwenda kuyafunika yasikauke.

Manyunyu yakaanza. Shemeji akapendekeza tulisogeze tanuri ndani ya banda la gari, mlango tuufunge upepo usitusumbue. Mke wangu akatoa kichwa dirishani na kusema maneno mawili, "Kaboni monoksidi," kisha akafunga dirisha. Hilo hata shemeji hakulibishia. Moto wa kuni kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi hiyo, nayo inaua, na haina harufu ya kukuonya. Tukashika mwavuli.

Wakati tunabishana nani aushike, tanuri lilikuwa limeendelea kuwaka. Shemeji alikuwa amelijaza peleti hadi juu, na bamba likawa na muda wote liliouhitaji. Lilikuwa limeanza kugeuka rangi ya buluu. Mimi nililiona, nikalisifu.

Piza ya tatu ikaingia. Sikuwahi hata kuinua mkono kuigeuza. Moshi ulitoka chini yake kwa mfululizo, shemeji akafunua kifuniko cha peleti kuona kuna nini, hewa ikaingia, na moto ukatoka mlangoni kunisalimia. Nywele za mkono wangu wa kulia zilikwisha hapohapo, kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye saa. Harufu hiyo ya moshi ndiyo pekee tuliyoipata kwenye piza zile. Tulipoikwangua, kitako kilikuwa mkaa mtupu, unaweza kuandikia ukutani, na juu yake jibini lilikuwa ndiyo kwanza linafikiria kuyeyuka.

"Sasa imegeuka," shemeji akasema kwa matumaini. "Ile ilikuwa mbichi chini, hii imeungua chini. Jibu liko katikati."

Nikageuka niwaulize wageni wanaonaje. Hapakuwa na mgeni. Viti vilikuwa vinalowa peke yake. Hata binti yetu hakuwepo, na mtoto yule haachi moto hivihivi.

Tukawakuta jikoni. Mke wangu alikuwa ametia lile jiwe la kordieriti kwenye oveni ya ndani tangu tulipoanza kurusha sosi, ameliacha lipate moto kwa muda mrefu kwenye 250, karibu na juu, na alikuwa anatoa piza moja baada ya nyingine, kila moja kwa dakika kama nane hivi. Hazikuwa na madoa ya Napoli. Zilikuwa zimeiva juu na chini, jambo ambalo kule nje tulikuwa tumelifikia kwa zamu. Alikuwa anazitia kwa ubao wa kukatia mboga. Wageni walikula wamesimama, na yule wa makofi alikuwa amevifungua vifungo viwili vya shati.

"Na bamba langu?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia limepata rangi nzuri.

"Baba, mnaelewa mlichokifanya?" binti yetu akauliza. "Cha ndani mmekipeleka nje, cha nje mmekileta ndani."

Shemeji akaniangalia. Nikadhani ameguswa. Akajisogezea kipande, akatafuna, akatikisa kichwa polepole kama fundi anayetazama kazi ya mwenzake.

"Mimi nimeshaliona tatizo," akasema. "Ni udogo. Tanuri dogo moto unakosa pa kukaa. Sisi, shemeji, tujenge la matofali."

Sikuona ubaya wa wazo hilo, na siuoni mpaka sasa.

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni na sahani yake. Hakuinua macho. "Jengeni, wanangu," alisema. "Ila muanze na mlango. Na mkienda kuupima, lile sepetu muwe nalo mkononi."

Jikoni pakacheka wote. Shemeji peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni na kuvuta kitambaa cha karatasi.

"Hivi lile," akaniuliza, "lina inchi ngapi?"